Wimbo wa Mbio Huchaguliwa na Miguu

Alfajiri ya mwisho wa wiki, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Zanzibar, watu wa joging husikika kabla ya kuonekana. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na chini ya maneno yao mna sauti nyingine isiyo na mwimbaji: viatu vinavyogonga lami kwa pamoja. Klabu hizi zimeurithi utaratibu huo kutoka shuleni na jeshini. Vizazi vya wanafunzi wa Tanzania vimeingia darasani vikiwa na jasho la mchakamchaka, na Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, limekuwa likiwakimbiza vijana wake kwa nyimbo. Hakuna aliyehitaji kusoma nadharia ili ajue kwamba wimbo fulani unafaa kukimbilia na mwingine haufai. Usiofaa ulijulikana papo hapo, kwa sababu miguu iligongana, sauti zikapishana na mstari ukavurugika. Uliofaa uliwafikisha watu mbali kabla hawajakumbuka kuuliza safari imebakiza kiasi gani.

Mkimbiaji wa leo mara nyingi yuko peke yake, simu kiunoni na hedifoni masikioni. Tangu kampuni ya Sony ya Japani ilipoingiza Walkman sokoni mwaka 1979, muziki wa mbio umekuwa ukihama kutoka vinywa vya kundi kwenda masikio ya mtu mmoja, na simu imekamilisha uhamaji huo. Faida yake ni kubwa, maana mtu mmoja sasa anabeba mfukoni nyimbo nyingi kuliko kilizozijua kijiji kizima. Lakini kuna aliyeachwa nyuma, naye ni yule anayeanzisha wimbo. Kiongozi wa mchakamchaka anakimbia pamoja na kundi lake. Anasikia pumzi zinavyobadilika, anaona kilima kinakuja, anajua nani ameanza kuburuta miguu, na anachagua wimbo unaofuata kwa kuyapima hayo yote. Simu haioni kilima. Inapiga kilichotoka wiki hii, kinachopendwa na wengi, au ulichokisikiliza jana ukiwa umekaa kwenye daladala. Kwa hiyo anayekimbia na hedifoni hana budi kuwa manju wa ngoma yake mwenyewe, na kazi ya manju wa mbio ni kuulinganisha wimbo na mambo matatu kwa mpangilio huu: hatua, pumzi na njia. Ladha ya msikilizaji ina kiti chake, lakini kiti hicho ni cha nne.

Msingi wa hoja hii ni kwamba mdundo huugusa mwili kabla akili haijautolea maoni. Mwaka 1911 Mmarekani Leonard Ayres alichapisha vipimo vya mashindano ya baiskeli ya siku sita yaliyofanyika New York. Bendi ilipokuwa ikipiga, waendeshaji walikwenda kwa wastani wa kilomita 31 na nusu hivi kwa saa; iliponyamaza, mwendo ulishuka hadi karibu kilomita 29. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2007, Jessica Grahn na Matthew Brett walitumia picha za ubongo kuonyesha jambo linaloeleza kwa nini iwe hivyo. Mtu anaposikiliza mdundo wenye pigo la wazi akiwa amelala tuli ndani ya mashine, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa viungo huamka na kufanya kazi. Ndiyo kusema kwamba kwa ubongo wa binadamu kusikia pigo na kujiandaa kutembea ni mambo yanayokaa nyumba moja. Kidole kinachogonga meza mtu akisikiliza redio hakikuombwa kugonga, na mguu wa mkimbiaji hali kadhalika.

Mwenye shaka atasema kwamba anayesikia muziki anajua kuwa anasikia muziki, na huenda anajitahidi zaidi kwa sababu tu anatarajia kusaidiwa. Pingamizi hilo ni zito. Katika utafiti wa dawa mgonjwa anaweza kupewa kidonge bandia asijue, ila muziki bandia haupo. Hapo ndipo ilipo thamani ya jaribio la Jim Waterhouse na wenzake wa Liverpool, lililochapishwa mwaka 2010. Vijana 12 waliendesha baiskeli za mazoezi huku wakisikiliza mfululizo uleule wa nyimbo katika vipindi vitatu tofauti. Mara moja nyimbo zilipigwa kwa mwendo wake wa kawaida, mara nyingine zikaharakishwa kwa asilimia 10, na mara nyingine zikapunguzwa kwa asilimia 10, bila wao kuambiwa. Zilipoharakishwa, umbali waliokwenda uliongezeka kwa asilimia 2.1. Zilipopunguzwa, ulishuka kwa asilimia 3.8. Watu walikuwa walewale, nyimbo zilezile, na ladha ileile. Mapigo peke yake ndiyo yaliyobadilika. Tena tazama upande gani ulikuwa na uzito zaidi. Mwendo uliopoa uliwarudisha nyuma kuliko mwendo uliochangamka ulivyowasogeza mbele. Mkimbiaji anayeacha simu imchagulie kiholela, basi, anajiweka mahali ambapo anaweza kupoteza zaidi ya anachotarajia kupata.

Kwa mbio zenyewe, ushahidi unaogusa zaidi hoja yangu ulitoka mwaka 2012. Peter Terry wa Australia, akishirikiana na Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, na wenzao, waliwapandisha wanariadha 11 wa kiwango cha juu wa triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, baiskeli na mbio, kwenye mashine ya kukimbilia na kuwaacha wakimbie mpaka nguvu ziishe. Walikimbia bila muziki, kisha na muziki wa kuhamasisha, kisha na muziki wa kawaida usiokusudiwa kumhamasisha mtu yeyote. Muziki wote ulilinganishwa na hatua zao. Waliposindikizwa na muziki walidumu kwa takriban asilimia 18 hadi 20 zaidi ya walipokimbia kimya, na walitumia oksijeni kidogo kuliko kawaida. La kushangaza ni kwamba muziki wa hamasa haukuushinda ule wa kawaida katika kudumu; ulichoongeza ni furaha. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Robert Jan Bood walionyesha kwamba hata mlio mtupu wa metronomu, kile kifaa cha wanamuziki kinachogonga kama saa, humfanya mkimbiaji adumu zaidi, mradi unakwenda na hatua zake. Metronomu haina mashairi, haina sauti tamu, wala haina shabiki hata mmoja. Ina pigo tu, na pigo linatosha kufanya sehemu kubwa ya kazi.

Kuujua wimbo unaoifaa miguu yako hakuhitaji maabara. Kimbia kwa mwendo wako wa kawaida dakika kumi hivi mpaka mwili uzoee, kisha hesabu ni mara ngapi mguu wa kulia unagusa chini ndani ya sekunde 30, halafu zidisha kwa nne. Ukipata 40, hatua zako ni 160 kwa dakika. Baadaye, ukiwa umekaa nyumbani, weka wimbo unaotaka kuupima, gonga meza kwa kidole kufuata pigo lake, hesabu mapigo ya sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Wimbo wa mapigo 160 utakupa pigo moja kwa kila hatua. Wimbo wa mapigo 80 nao utakufaa, maana pigo moja litabeba hatua mbili, likiangukia mguu uleule kila mara. Wengi hukosea hapa. Wanaupima wimbo kwa namna unavyochangamsha sebule au ukumbi wa sherehe, wakati swali la mbio ni moja tu: je, mapigo yake yanagawanyika sawasawa na hatua zangu?

Swali hilo likiulizwa kwa uaminifu, hupindua orodha za watu wengi. Nyimbo nyingi za rege huenda kwa mapigo 70 hadi 80 kwa dakika, na sikio huziita za pole. Kwa mguu, huo ni mwendo wa hatua 140 hadi 160, yaani mwendo hasa wa mkimbiaji wa kawaida. Amapiano, ambayo imeitikisa Afrika nzima kwa dansi, huchezea kati ya mapigo 110 na 115. Mwenye hatua 160 akijaribu kuifuata, miguu itaudandia mdundo kidogo kisha itateleza, maana namba hizo mbili hazikutani. Hata hivyo anayetembea kwa haraka hupiga hatua 100 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo amapiano ni muziki bora wa kupasha mwili moto na wa kutembea baada ya mbio. Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, hupaa hadi mapigo 200, na mara nyingine 300. Ya 300 inaweza kumfaa mwenye hatua 150, mapigo mawili kwa kila hatua. Ya 220 haimpi mkimbiaji wa masafa marefu pa kuweka mguu, hata kama inampandisha mori. Chakacha ya pwani ya Mombasa na Lamu ina vipigo sita vidogo vinavyojikusanya katika mapigo makubwa mawili, na mkimbiaji hana budi kufuata yale makubwa, aviache vidogo vijaze nafasi kati ya mguu na mguu.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya muziki ni kumvuta mtu aondoke kwenye mwendo wake wa kawaida, si kumbembeleza abaki hapo, nao watataja namba 180. Namba hiyo ilienezwa na kocha Mmarekani Jack Daniels, ambaye kwenye Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984 alihesabu hatua za wakimbiaji na kukuta karibu wote wanapiga 180 au zaidi kwa dakika. Ila aliowahesabu walikuwa wakimbiaji bora duniani, tena wakiwa mashindanoni. Kumtwika namba hiyo mfanyakazi wa ofisi anayekimbia polepole kilomita tano ni kumvisha kiatu cha mtu mwingine. Hata hivyo pingamizi hili lina punje ya kweli. Utafiti wa Bryan Heiderscheit na wenzake wa Wisconsin wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, hupunguza mzigo unaobebwa na magoti na nyonga. Na mwaka 2015 Edith Van Dyck na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, waliona kwamba mapigo ya muziki yanapobadilishwa kidogo, wakimbiaji huyafuata bila kuagizwa, lakini uvutano huo ni wa asilimia 2 au 3 tu hivi. Tofauti ikizidi hapo, mwili unakaidi. Kwa hiyo mwenye hatua 160 anayetaka kuongeza atafute nyimbo za mapigo 163 au 164, azizoee kwa wiki kadhaa, ndipo apande tena. Kiongozi mzuri wa wimbo hulivuta kundi kwa kamba fupi.

Baada ya hatua inakuja pumzi, na hapa mchakamchaka una hekima ambayo hedifoni haijairithi. Wimbo wa kuitikia ni kipimo cha juhudi. Makocha na madaktari wa michezo hutumia jaribio rahisi: anayeweza kuzungumza sentensi nzima huku akikimbia yuko kwenye juhudi ya wastani, anayetoa maneno mawili matatu na kukatika amevuka kwenda juhudi kubwa. Kundi linaloimba linajipima hivyo kila baada ya sekunde chache. Mwitikio ukififia, kiongozi anajua amewakimbiza mno, naye anapunguza. Rekodi haina uwezo huo. Mwimbaji wa kwenye simu hakatiki pumzi, hivyo mkimbiaji mgeni humfuata huku moyo ukimwenda mbio, na siku ya tatu anaacha mazoezi akiamini kwamba mbio hazikuumbiwa yeye. Dawa yake ni ndogo. Katika mbio nyepesi, ambazo hata kwa wanariadha wa masafa marefu ndizo sehemu kubwa ya mazoezi, chagua nyimbo ambazo maneno yake unayajua na uitikie kiitikio kwa sauti. Ukishindwa kukimaliza, miguu imetangulia mno.

Kuitikia huko kuna faida ya pili. Mwaka 2013 Thomas Fritz na wenzake wa Taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walizifunga mashine za mazoezi kwenye mitambo ya muziki, ili kila msukumo wa mtumiaji uzae sauti. Waliokuwa wakiutengeneza muziki kwa miili yao waliuhisi mzigo kuwa mwepesi kuliko walipousikiliza tu. Watafiti hao waliona hapo maelezo mojawapo ya kwa nini binadamu wengi wamekuwa wakiimba wanapotwanga, wanapovuta kamba na wanapolima. Pumzi pia inaonyesha ukomo wa muziki. Katika juhudi ndogo na ya wastani, muziki hupunguza hisia ya uchovu kwa karibu asilimia 10, kwa tathmini ya Karageorghis. Juhudi ikiwa kubwa sana, mapafu na misuli hupiga kelele inayoushinda wimbo wowote. Muziki unaweza bado kuyafanya maumivu yavumilike vizuri zaidi, lakini hauwezi kuyaficha. Anayefanya mbio za vipande, haraka kisha pumziko kisha haraka tena, asiutegemee wimbo umbebe katikati ya kipande cha mwisho. Autumie kabla, kujiandaa, na kwenye pumziko, kujikusanya.

Jambo la tatu ni njia, yaani mpangilio wa nyimbo tangu mtu anapotoka mlangoni hadi anaporudi. Mfano mzuri wa mpangilio huo umo tayari katika muziki wetu wa dansi na rumba ya Kongo. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akisimulia, gitaa likitembea. Kisha, watu wakishapata moto, gitaa linachukua usukani na wimbo unaingia kwenye sebene, ambayo wanadansi wa Tanzania waliizoea kwa jina la chemko. Bendi ikianza na chemko, wachezaji watachoka kabla ya usiku kukolea. Mazoezi ya dakika 45 yanafuata kanuni hiyohiyo. Dakika saba za kwanza ni za kutembea haraka kwa mapigo 110 hadi 120. Zinazofuata ni za hatua za kawaida, kwa nyimbo zinazofanana mapigo, ili mguu usilazimike kujifunza upya kila baada ya dakika nne. Nyimbo zenye nguvu zaidi ziwekwe pale ambapo mtu hujua kwa uzoefu kwamba huanza kulegea, iwe kilimani au kwenye theluthi ya mwisho. Mwisho kabisa ziwekwe za polepole, taarabu tulivu kwa mfano, maana kushuka nako kunahitaji kuongozwa. Kosa la kawaida ni kuzitumia nyimbo kali dakika ya kwanza, mwili ukiwa bado baridi, kisha kukosa akiba njia inapopanda.

Sasa tuirudie ladha, kwa sababu kuiweka kiti cha nne kunaweza kuonekana kama kuidharau. Atakayepinga atasema kwamba hakuna anayeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya hesabu ya mapigo; watu huamka kwa sababu wanapenda, na wimbo wanaoupenda ni sehemu ya kupenda huko. Nakubaliana naye kabisa kuhusu kuamka. Mapitio makubwa yaliyoongozwa na Peter Terry mwaka 2020, yakijumuisha tafiti 139, yalionyesha kwamba muziki huboresha jinsi mtu anavyojisikia wakati wa mazoezi, huongeza ufanisi na hupunguza hisia ya uchovu, ingawa kwa viwango vidogo hadi vya wastani. Kujisikia vizuri leo ndiko kunakomrudisha mtu barabarani keshokutwa. Lakini mapitio hayohayo yalikuta kwamba kwa ufanisi, muziki wa kasi unaushinda wa polepole, na tayari tumeona kwamba muziki ukishalingana na hatua, hamasa haikuongeza muda wa kukimbia. Kwa hiyo utaratibu ni huu: miguu ichuje kwanza, kisha moyo uchague miongoni mwa zilizopita kwenye chujio. Tuseme una nyimbo mia tano unazozipenda, na hamsini zinakwenda na hatua zako. Hizo hamsini bado ni nyimbo unazozipenda. Iwe kaswida, kwaya, taarabu au Bongo Fleva, hakuna aina iliyofukuzwa. Imeulizwa tu swali moja kabla ya kuingia.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue na haya ilhali wanariadha wakubwa hushindana bila muziki. Kweli, kanuni za riadha ya dunia zinakataza vifaa vya kuchezea muziki na simu uwanjani wakati wa mashindano. Shirikisho la riadha la Marekani nalo lilipiga marufuku hedifoni, kisha mwaka 2008 likalegeza, likibakiza katazo kwa wanaowania ubingwa, medali au fedha. Sababu mojawapo ilikuwa usalama. Nyingine ilikuwa hofu kwamba muziki humpa mtu nafuu ambayo mpinzani wake hana. Katazo la namna hiyo ni ushuhuda kwamba kifaa kinafanya kazi. Mwaka 1998 mjini Birmingham, Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliomba wimbo wa "Scatman" upigwe kwenye vipaza sauti vya ukumbi, akakimbia mita 2,000 kwa dakika 4 na sekunde 52.86, iliyokuwa rekodi mpya ya dunia ya mbio za ndani wakati huo. Na wale wanaokimbia kimya katika barabara za vumbi za Iten, Kenya, mara nyingi hawakimbii wakiwa peke yao. Wamo katikati ya kundi, na mlio wa miguu ya kundi ni ngoma tosha. Utafiti wa Emma Cohen na wenzake kuhusu wapiga makasia wa Oxford, uliochapishwa mwaka 2010, uliona kwamba mazoezi yaleyale yakifanywa kwa pamoja huongeza uvumilivu wa maumivu kuliko yakifanywa na mtu peke yake. Anayekosa kundi ndiye anayeuhitaji zaidi wimbo uliochaguliwa vizuri.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu linahusu uhai. Watafiti wa Marekani waliokusanya taarifa za mwaka 2004 hadi 2011 walipata matukio 116 ya waenda kwa miguu waliogongwa wakiwa wamevaa hedifoni, zaidi ya nusu wakigongwa na treni, na wengi wao wakapoteza maisha. Katika miji yetu, ambako bodaboda hutokea upande usio wake na njia ya waenda kwa miguu hukatika ghafla, sikio ni jicho la mgongoni. Kiongozi wa mchakamchaka hukimbia macho yakiwa barabarani, na gari likija hupaza sauti kundi lisogee pembeni. Manju wa hedifoni naye awe na wajibu huo. Barabarani tumia sikio moja, au simu iimbe yenyewe kwa sauti ya chini. Masikio mawili yaachiwe uwanja wa mpira, ufukwe au mashine ya kukimbilia. Sauti nayo ina kipimo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unaweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila sauti inavyopanda, saa salama hupungua haraka. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Hapa inayopasuka ni ya sikio, na hiyo hakuna fundi wa kuiwamba upya. Pigo linaloongoza mguu halihitaji kelele, linahitaji kusikika tu.

Ukitaka kuanza, anza na namba moja tu. Kesho asubuhi kimbia bila muziki wowote, uhesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30, uiandike namba yako. Jioni chagua nyimbo sita unazozipenda ambazo namba hiyo inazikubali, uzipange kuanzia ya pole hadi ya moto na kurudi kwenye ya pole, na ujue kiitikio cha angalau moja. Kisha kila wiki toka siku moja bila simu, kwa sababu siku ya mashindano hedifoni huenda zikakataliwa, na kwa sababu wimbo uliochaguliwa na miguu hubaki miguuni. Waliopita mchakamchaka wanakijua kipande kile cha njia ambapo anayeanzisha ananyamaza ili avute pumzi. Hakuna anayeimba kwa muda, na bado viatu vinagonga lami kwa pamoja, pigo lilelile, mpaka mtu mwingine aanzishe.